Njia ya Reli na Watunzaji Wake



Mwanafunzi mmoja wa chuo chetu aliniuliza swali ambalo naliona kuwa la haki. Alisema, "Mwalimu, sisi tu watu wa Karatu. Kutoka hapa hata Ngorongoro, na kutoka Ngorongoro hata Ziwa Eyasi, hapana hata shubiri moja ya reli. Mbona watutaka tujifunze habari za gari la moshi?" Nikamwambia angoje, nitamjibu mbele ya watu wengi. Leo ndiyo siku ya kumjibu. Nanyi msikilizao vijijini na mashuleni, hukumuni wenyewe kama jibu langu latosha.

Kwanza nataka kuwaambieni jambo ambalo wengi hawalijui, kwamba majina ya milima yetu yalipata kusafiri kwa reli. Katika mwaka 1955 na 1956, Shirika la Reli na Bandari la Afrika ya Mashariki lilipokea mashine 34 kubwa za mvuke, zilizoundwa katika kiwanda cha Beyer Peacock, mjini Manchester, Uingereza. Zilipewa majina ya milima ya nchi zetu. Moja iliitwa Oldeani, na nyingine Loolmalasin. Oldeani ni mlima uleule tuuonao tuamkapo asubuhi hapa Karatu. Na Loolmalasin ni ule mrefu wa nyanda za juu za Ngorongoro, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,600. Basi kwa miaka mingi Oldeani wa chuma alivuta mizigo huko Kenya, hali Oldeani wa mawe hajapata kusikia filimbi ya gari la moshi. Habari za mashine hizo nitazirudia mwisho.

Jambo la pili ni la mfuko. Mtu wa Mang'ola hupanda vitunguu, mtu wa Karatu hulima ngano na mahindi, na mashamba ya Oldeani hutoa kahawa. Mazao hayo hushuka ukuta wa Bonde la Ufa kwa lori, hupita Mto wa Mbu, na baada ya safari ya kilomita 140 hivi hufika Arusha. Hapo Arusha ndipo reli inapoanza, kuelekea Moshi, Tanga na Dar es Salaam. Mabati, saruji na mbolea hutujia kwa njia hiyohiyo, kinyume chake. Reli ikiwa imara, mwenye mzigo mzito ana njia mbili za kuchagua. Reli ikifa, ana njia moja tu, na mwenye lori hutaja bei apendayo. Kwa hiyo msumari ukilegea katika reli kule Korogwe, hasara yake huweza kufika mpaka kwenye tuta la vitunguu huku Mang'ola.

Sasa na tutazame jinsi reli hiyo ilivyofika Arusha. Ilianzwa Tanga mwaka 1893, wakati wa Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi. Kampuni iliyoanza kazi ilifika Muheza mwaka 1896, mwendo wa kilomita 40 hivi kwa miaka mitatu. Kisha fedha zikaisha. Mwaka 1899 serikali yao ikainunua. Reli ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911, kilomita 352 kutoka Tanga. Mara vita kuu ya kwanza ikaja. Mwaka 1916 majeshi ya Wajerumani, yakirudi nyuma kufuata bonde la Pangani, yaling'oa reli na kuvunja madaraja ili adui asiyatumie, na Waingereza wakalazimika kuyajenga upya. Ndipo mwaka 1929 reli ilipofikishwa Arusha. Hesabuni wenyewe: tangu Tanga hata Arusha ni miaka 36. Mtoto aliyezaliwa siku ilipolazwa reli ya kwanza alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake ilipolazwa ya mwisho.

Watu wengi hudhani kwamba reli ikiisha kujengwa, kazi imekwisha. La, hapo ndipo kazi inapoanza. Ninyi wa Mang'ola mwajua habari za mfereji. Mfereji ulichimbwa na babu, lakini kama mjukuu hauzoi matope kila msimu, maji hayafiki shambani, na sifa ya babu haimwagilii kitunguu hata kimoja. Reli nayo ni vivyo hivyo.

Hebu tuitazame njia yenyewe. Chini kabisa ni tuta la udongo. Juu ya tuta humwagwa kokoto. Juu ya kokoto hulazwa mataruma, na juu ya mataruma hufungwa reli mbili; katika njia ya Tanga nafasi kati ya reli na reli ni mita moja. Kila sehemu ina adui wake. Adui wa tuta ni maji ya mvua, ambayo huweza kulichimba usiku mmoja na kuziacha reli zikining'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Adui wa kokoto ni matope na majani. Maana kazi ya kokoto ni kuusambaza uzito na kuyapitisha maji, nazo zikijaa udongo haziwezi tena. Adui wa mataruma ya mti ni mchwa, ndiyo sababu waliojenga reli katika nchi zetu walipenda mataruma ya chuma. Lakini chuma nacho kina adui wake, yaani kutu. Siku hizi mataruma mengi hufanywa kwa saruji yenye nondo ndani yake. Mchwa hayawezi, wala kutu haiyafikii kwa urahisi.

Na adui wa reli zenyewe ni jua, na uzito, na kuzeeka. Chuma kikipata joto hurefuka, na kikipata baridi hufupika. Kwa hiyo wajenzi wa kale waliacha nafasi ndogo mahali reli mbili zilipokutana. Ile sauti aisikiayo abiria, ta-ta, ta-ta, ni magurudumu yakipiga viungo hivyo. Sauti hiyo humbembeleza mtoto alale, lakini kwa fundi ni sauti ya nyundo inayoiponda reli mchana na usiku. Mwaka 1895 Mjerumani aitwaye Hans Goldschmidt alivumbua namna ya kuchanganya unga wa alumini na unga wa kutu ya chuma, kisha kuuwasha, ukatoa moto mkali wa kuyeyusha chuma. Kwa moto huo mafundi huweza kuziunga reli palepale njiani hata zikawa kitu kimoja. Viungo vikipungua, mapigo hupungua, na njia hudumu zaidi.

Kwa miaka mingi mtunzaji wa njia alikuwa genge la watu na nyapara wao. Kila genge lilikuwa na kipande chake. Alfajiri mtu mmoja hutembea kwa miguu, taruma kwa taruma, akikaza bolti zilizolegea, akitazama kama maji yamechimba. Wengine hufuata na koleo, sururu na mitaimbo, wakainua reli iliyozama na kushindilia kokoto chini yake. Katika stesheni kubwa alikuwako mtu wa kugonga magurudumu kwa nyundo. Gurudumu zima hulia kama kengele, na lenye ufa hutoa sauti ya chungu kilichopasuka. Waungwana wa daraja la kwanza walimwona maskini huyu bila kujua kwamba maisha yao yalikuwa katika sikio lake.

Lakini sikio na jicho vina mpaka wake. Mwaka 1911, karibu na mji uitwao Manchester katika jimbo la New York, Marekani, gari la moshi liliacha njia na watu 29 wakafa. Reli ilikuwa imepasuka kwa ndani, mahali ambapo jicho la mwanadamu halikuweza kufika. Habari hiyo iliwasumbua wataalamu, na mwaka 1928 behewa la kupimia lililobuniwa na Elmer Sperry lilianza kazi huko Marekani. Lilipitisha nguvu za umeme ndani ya reli, na palipokuwa na ufa kipimo kilionyesha. Baadaye ikaja njia nyingine, ya kupeleka ndani ya chuma sauti nyembamba isiyosikika na sikio, na kusoma mwangwi wake urudipo. Ni maarifa yaleyale atumiayo daktari kumtazama mtoto aliye tumboni mwa mama yake. Basi fundi wa leo huweza kuuona ufa kabla haujazaa msiba. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kwa habari ya reli, asiyeziba ufa huchimba makaburi.

Hapa nitasimulia habari mbili za huzuni, maana ndizo zilizonifanya niandike maneno haya.

Ya kwanza ni ya Armagh, katika Ireland. Tarehe 12 Juni 1889, watoto wa shule ya Jumapili na wazazi wao walipanda gari la moshi kwenda kutembea pwani. Gari lilikuwa zito, likashindwa kupanda kilima. Wenye kuliendesha wakaamua kuligawa, wapeleke kwanza sehemu ya mbele. Sehemu ya nyuma wakaizuia kwa breki ya mkono na mawe chini ya magurudumu. Mashine ilipotaka kuondoka ilirudi nyuma kidogo tu, ikayasukuma mabehewa yaliyoachwa. Mawe yakasagika, mabehewa yakateremka kilima yakizidi mwendo, yakakutana na gari jingine lililokuwa likija nyuma. Watu 80 wakafa, na wengi wao walikuwa watoto.

Jambo la kusikitisha ni kwamba dawa ya maradhi hayo ilikuwa imekwisha kujulikana. Tangu mwaka 1872 Mmarekani George Westinghouse alikuwa na breki ya kujifunga yenyewe. Namna yake ni hii. Bomba moja hupita chini ya mabehewa yote, nalo limejaa hewa iliyoshindiliwa. Hewa hiyo ndiyo inayozifanya breki zikae wazi. Mabehewa yakikatika, bomba nalo hukatika, hewa hutoka, na breki hujifunga katika kila behewa pasipo kungoja mkono wa mtu. Yaani ubovu ukitokea, gari husimama. Baada ya msiba wa Armagh, mwaka uleule wa 1889, Bunge la Uingereza lilitoa sheria ya kuzilazimisha reli za abiria kutumia breki za kujifunga zenyewe, na kuhakikisha kwamba magari mawili hayawi katika sehemu moja ya njia kwa wakati mmoja.

Habari ya pili ni ya kwetu. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu, katika mkoa wa Dodoma, gari la moshi la abiria lilishindwa kilima. Likaanza kurudi nyuma, na breki hazikuweza kulizuia. Likateremka kwa kasi kubwa mpaka likagongana na gari la mizigo. Watu 281 walikufa. Kati ya Armagh na Igandu ni miaka 113, na mtu akizisoma habari hizi mbili pamoja hudhani anasoma habari moja. Kilima ni kilekile, kurudi nyuma ni kulekule, na gari jingine lipo njiani vilevile.

Ndugu zangu, hili ndilo neno ninalotaka mlikumbuke. Maarifa yaliyoandikwa kitabuni hayazuii gurudumu. Linalozuia gurudumu ni bomba lisilovuja, na breki iliyopimwa kabla ya safari, na mtu mwenye moyo wa kusema, "Gari hili halitaondoka hata litengenezwe," ingawa abiria wanapiga kelele na mkubwa wake anatazama saa. Chombo kipya bila mtunzaji mwaminifu ni pambo. Na mtunzaji mwaminifu bila chombo ni kama mlinzi wa usiku aliyenyimwa taa. Hivi viwili havina budi kwenda pamoja.

Reli ya Arusha yenyewe ni ushahidi wa maneno haya. Mwaka 1963 iliunganishwa na Reli ya Kati kwa kipande cha kutoka Mnyusi hata Ruvu, hata mtu wa Arusha akaweza kwenda Dar es Salaam kwa gari la moshi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilivunjika, na kila nchi ikashika reli zake. Baada ya hapo njia yetu ilidhoofika kidogo kidogo, mpaka safari za abiria zikakoma. Miaka ikapita, kijana akazaliwa, akasoma, akaoa, asisikie filimbi katika stesheni ya Arusha. Majani yakamea kati ya mataruma. Hakuna adui aliyekuja na baruti kama mwaka 1916. Kutotunzwa peke yake kulitosha.

Kisha njia ikafufuliwa. Vichaka vikafyekwa, mataruma na madaraja yakatengenezwa. Mwaka 2019 magari yakafika tena Moshi, na mwezi wa Oktoba 2020 gari la abiria likaingia Arusha, baada ya miaka 30 hivi. Wazee walikwenda stesheni kuliona kama mtu aendavyo kumpokea ndugu aliyedhaniwa amekufa. Nami nafurahi pamoja nao. Lakini furaha ya kufufua isitufanye tusahau kwamba kutunza kidogo kila siku ni rahisi kuliko kufufua kitu kilicholala miaka 30.

Kwa upande mwingine, nchi yetu imejenga njia mpya kabisa. Mwaka 2024 magari ya umeme yalianza kwenda kutoka Dar es Salaam hata Morogoro, kisha hata Dodoma, juu ya njia pana kuliko ile ya kale, kwa mwendo uwezao kufika kilomita 160 kwa saa. Magari hayo hupata umeme wa volti 25,000 kutoka waya ulio juu ya njia. Hapo kale, katika njia nyingi za reli moja, dereva alipewa kisahani cha chuma kuwa ruhusa ya kuingia kipande cha njia. Chombo cha namna hiyo kilibuniwa na Mwingereza Edward Tyer mwaka 1878. Kisahani kimoja kikitoka, cha pili hakitoki mpaka cha kwanza kirudishwe. Katika njia mpya ruhusa huja kwa redio. Walio katika chumba cha uangalizi huona kila gari lilipo, na dereva akipita mwendo alioruhusiwa, chombo chenyewe humfungia breki.

Ni maarifa ya ajabu. Walakini msidhani kwamba mchwa akishindwa, maadui wote wamekwisha. Ndege au nyani akigusa waya pasipofaa, umeme huweza kukatika. Mwizi akikata waya wa shaba, chumba cha uangalizi huwa kipofu. Na maji ya mvua hayaulizi kama reli ni ya kale au ni mpya. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010, mafuriko ya Kilosa yaliiharibu Reli ya Kati hata safari zikasimama kwa miezi. Vyombo huweza kupima mvua na kutoa habari mapema, lakini mfereji wa kando ya tuta huzibuliwa kwa koleo, na miti ya mlimani izuiayo maji huachwa na wanavijiji, au hukatwa na wanavijiji.

Basi jibu langu kwa yule mwanafunzi ni hili. Reli haikufika Karatu, lakini faida yake na hasara yake hutufikia. Nawe usipokuwa na reli ya kutunza, unalo daraja, unalo bomba la maji, unayo mashine ya kusaga, unalo paa la shule. Kila kimoja kina bolti yake inayolegea leo. Ukisafiri ukafika penye reli, usinunue chuma kilichong'olewa njiani, wala usilishe ng'ombe juu ya tuta. Na ukiona reli imeinama, mwambie mkuu wa stesheni kabla gari halijapita. Ukiwa na akili ya hesabu na mkono usioogopa mafuta machafu, nenda ukasomee ufundi. Nchi yenye vyombo vipya huhitaji mafundi wengi zaidi kuliko ile iliyokuwa na nyundo tu.

Niliwaahidi habari za zile mashine zilizopewa majina ya milima. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 250 hivi, na zilihesabiwa kuwa mashine za mvuke zenye nguvu kupita zote duniani katika reli za upana wa mita moja. Ilipofika mwaka 1980 zilikuwa zimekwisha kuondolewa kazini, maana mashine za dizeli hazikuhitaji kuoshwa matumbo wala kuwashwa moto saa nyingi kabla ya safari. Mbili tu zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la reli mjini Nairobi, Gelai na Shengena. Oldeani wa chuma hayupo tena. Oldeani wa mawe yupo palepale, ukungu kichwani mwake, naye hakuhitaji fundi hata siku moja. Lakini kazi ya mkono wa mtu haidumu ila kwa mkono wa mtu.